Nyumba Njema Huanza na Kiwanja: Msaada wa Makao kwa Watu wa Kipato Kidogo Katika Matuga

Mtu ashukaye kivukoni Likoni na kuifuata barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga, apitapo Ng'ombeni, Waa na Tiwi, huona nyumba za namna mbili zimekaa pamoja, kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana. Moja ina msingi wa mawe, kuta za matofali na paa la mabati. Ya pili, hatua thelathini tu kutoka hapo, ina kuta za fito na udongo, na paa la makuti lililokwisha kuwa jeusi kwa moshi na mvua. Mgeni aweza kudhani kuwa mwenye ile ya kwanza ni tajiri na mwenye ile ya pili ni mvivu. Aghalabu si hivyo. Mara nyingi wote wawili hulima muhogo na kuangua nazi, na watoto wao husoma shule moja. Tofauti yao yaweza kuwa karatasi moja tu: mmoja anayo hati ya kiwanja, na mwenziwe hana.

Swali liulizwalo mara kwa mara, sokoni Kombani na katika foleni za ofisi za Kwale, ni hili: Je, hakuna msaada wa nyumba kwa mtu wa kipato kidogo? Jibu ni kwamba msaada upo, tena si wa namna moja. Lakini kila msaada una mlango wake uliofungwa, na milango hiyo karibu yote hufunguliwa kwa funguo mbili. Ufunguo wa kwanza ni hati ya ardhi. Wa pili ni mapato yawezayo kuthibitishwa kwa maandishi, kama vile mshahara wa karani au wa mwalimu. Mkulima wa Golini au Mkongani asiye na mshahara hubaki na ule wa kwanza tu. Kwa hiyo shilingi zake za kwanza zisiende dukani kununua mabati. Ziende kwanza katika kuitengeneza haki yake juu ya kiwanja.

NYUMBA BILA ARDHI

Jambo hili halikuanza jana. Mwambao wa Kenya, kwa upana wa maili kumi kutoka baharini, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Waingereza wakachukua madaraka ya kuutawala kwa mapatano naye. Mwaka 1908 ikatolewa sheria ya hati za ardhi. Kila aliyedai ardhi katika mwambao huo alitakiwa kuleta madai yake mbele ya msajili, na ardhi ambayo hakuna mtu aliyeidai ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Wafanya biashara na watu waliojua njia za ofisi walikwenda kuandikisha. Wengi katika Wamijikenda hawakwenda, kwa kuwa kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba shamba la babu yake lingehitaji ushahidi wa karani. Hivyo watu wengi walilala wenyeji wakaamka maskwota.

Mjini Mombasa nako ilizuka desturi nyingine. Mtu hujenga nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, juu ya ardhi ya mtu mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, mchanga ulio chini yake si wake. Desturi hiyo ilivuka kivuko ikaenea Likoni na sehemu nyingine za pwani.

Matokeo yake yaonekana kwa macho. Mtu asiyekuwa na hakika kwamba atakuwapo mwaka ujao hajengi msingi. Hujenga kwa fito na makuti, kwa sababu akiambiwa aondoke aweza kuvunja na kuchukua miti yake. Mawe na saruji hayabebeki. Basi yule anayesemwa kuwa hapendi maendeleo huenda anafanya hesabu ya busara kabisa kwa hali yake.

Na hesabu hiyo imezidi kuwa nzito. Barabara mpya ya Dongo Kundu imeiunganisha Miritini na Kibundani, hata gari laweza kutoka bara na kufika Kwale bila kungoja feri. Barabara ikifika, wanunuzi wa ardhi hufuata, na kiwanja ambacho hapo kale hakuna aliyekitazama huanza kupimwa kwa macho ya wageni. Mwenye hati hupandishiwa bei, lakini asiye nayo huona hatari tu.

MISAADA YA ARDHI

Msaada wa kwanza ni ule wa kupewa makazi. Matuga yenyewe inaujua tangu zamani, maana katika miaka ya 1950 Shimba Hills palifunguliwa mpango wa makazi chini ya Bodi ya Maendeleo ya Ardhi ya Waafrika, familia zikapewa mashamba. Siku hizi kazi hiyo huongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Sheria hiyo yaruhusu Serikali kutenga au kununua ardhi kwa ajili ya maskwota na watu walioondolewa makwao, na imeweka Mfuko wa Makazi ya Ardhi kwa kazi hiyo. Majina ya watakaopewa huchunguzwa na kamati ya kaunti ndogo. Hapa pana fundisho: mtu ambaye chifu wake hamjui, asiye na kitambulisho, au aliyekaa miaka yote bila kuandika jina lake mahali popote, ni vigumu kuonekana kamati inapokaa.

Mfano wa karibu ni shamba la Waitiki huko Likoni, eka 930, ambalo lilikaliwa na maskwota tangu mwaka 1997. Serikali ililinunua, na mwaka 2016 wakaaji wakaanza kupewa hati. Lakini hawakupewa bure. Walitakiwa kurudisha fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka, na wengi walinung'unika, wakiona kwamba wanauziwa mahali walipokwisha kuzika jamaa zao. Malalamiko yao yalieleweka. Hata hivyo mtu yeyote anayengoja msaada wa namna hii na ajue mapema kwamba hati ya mpango wa makazi huweza kuja pamoja na deni, na aulize kiasi chake kabla ya kutia sahihi.

Msaada wa pili umo katika sheria, na wengi hawaujui. Mtu akikaa katika ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila kujificha na bila ruhusa ya mwenye ardhi, aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Masharti yake yataka kuangaliwa sana. Haki hii haipo juu ya ardhi ya Serikali, hata mtu akae miaka hamsini. Tena aliyekaribishwa kwa hisani, au anayelipa kodi ya kiwanja, hawezi kudai kwa njia hii, maana amekaa kwa ruhusa. Ndiyo maana mwenye nyumba bila ardhi, ajapokuwa amelipa kodi tangu ujana wake, hawezi kuitegemea.

Msaada wa tatu ni kinga ya kufukuzwa ghafula. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwenye ardhi hana ruhusa ya kuleta tingatinga alfajiri bila taarifa. Lazima atoe ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu, na aliyepewa ilani aweza kwenda mahakamani kuipinga. Hata ikiwa uhamisho umekubaliwa, wakaaji wapewe kwanza nafasi ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao, na heshima ya wanawake, watoto na wazee ilindwe. Miezi mitatu si mingi, lakini yatosha kwa mtu anayejua kuitumia. Asiyeweza kumlipa wakili aweza kuomba msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2016, na shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likiwasaidia watu wa namna hiyo kwa miaka mingi. Ilani isiwekwe chini ya godoro, ipelekwe siku ile ile kwa mtu ajuaye sheria.

HATI YA MAREHEMU

Liko tatizo jingine ambalo halitokani na tajiri wala Serikali, bali latoka nyumbani. Ardhi imepimwa, hati imetoka, lakini jina lililoandikwa ni la babu aliyekwisha kufa. Wanawe wamekufa, na wajukuu wamegawana kwa mdomo, huyu mpaka mwembe ule, yule mpaka mnazi uliopinda. Maadamu wanapendana, hakuna neno. Lakini siku mmoja anapotaka mkopo wa kujenga, huambiwa kwamba kwa sheria yeye hana kitu.

Katika Udigo shida hii ina mizizi mirefu. Zamani mali ilifuata upande wa mama, na mpwa alimrithi mjomba wake. Uislamu ukaja na mafungu yake kwa mke na watoto. Nyumba nyingi zimekaa katikati ya desturi hizo mbili, wapwa wakisema lao na watoto wakisema lao, wala hakuna anayethubutu kuezeka upya kabla shauri halijakatwa. Paa huvuja juu ya vichwa vya pande zote mbili.

Dawa yake si kungoja wazee waliobaki wafe, maana wao ndio mashahidi. Waislamu ambao wote wamekubali waweza kulipeleka shauri la mirathi kwa Kadhi, na wengine huenda kwa hakimu. Hukumu ikitoka, ipelekwe kwa Msajili wa Ardhi ili majina yabadilishwe. Watu wengi huishia mahakamani, wakarudi na karatasi ya hukumu na kuifungia sandukuni, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe daftari la ardhi bado lamsoma marehemu.

Na mwenye kununua kiwanja asitosheke na makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule mbele ya mashahidi wawili. Kwanza atafute habari za hati hiyo kwa Msajili, ajue ni ya nani na kama imewekwa rehani. Pili, ikiwa ni ardhi ya kilimo, kibali cha Bodi ya Usimamizi wa Ardhi kiombwe kabla ya miezi sita kupita tangu kuafikiana, ama sivyo mapatano hayo ni bure mbele ya sheria. Wako watu waliojenga nyumba za mawe juu ya mapatano bure.

MISAADA YA FEDHA

Sasa na tuje kwenye ufunguo wa pili. Karani, mwalimu, askari na kila mwenye mshahara ameona katika karatasi yake ya mshahara kwamba anakatwa ushuru wa nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake wote, na mwajiri hutoa kiasi kilekile. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 450 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza 450, jumla 900. Kwa mwaka mzima ni shilingi 10,800.

Wengine hudhani kwamba fedha hizo ni akiba yao na kwamba wakistaafu watarudishiwa. Sivyo. Ni ushuru. Huingia katika mfuko wa kujengea nyumba, na anayetaka nyumba hana budi kujiandikisha, kuomba, kutoa malipo ya kwanza, na kulipa mwezi kwa mwezi mpaka nyumba iwe yake. Kukatwa ushuru peke yake hakumpi mtu mlango wala dirisha.

Sheria hiyo imewagawa watu kwa mapato. Wapatao chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wametengewa nyumba za kijamii, na wapatao kutoka 20,000 hadi 149,000 wametengewa nyumba za gharama nafuu. Aliyenunua haruhusiwi kuiuza nyumba hiyo bila kibali cha maandishi cha Bodi, ili nyumba za wanyonge zisiishie mikononi mwa matajiri. Sheria yataja pia nyumba za gharama nafuu za mashambani, kwa watu wakaao nje ya miji. Habari hii yafaa kuangaliwa na watu wa Matuga, ambao wengi wao hawataki ghorofa ya mjini, bali wataka nyumba imara karibu na minazi yao. Lakini nyumba hujengwa mahali, na mahali pana mwenyewe. Swali la hati hurudi pale pale.

Kabla ya hapo lilikuwapo, na lingali lipo, Shirika la Nyumba la Taifa. Asili yake ni Bodi Kuu ya Nyumba iliyoundwa mwaka 1953, na jina hili la sasa lilichukuliwa mwaka 1967. Shirika hilo hujenga nyumba za kununuliwa kidogo kidogo kwa kupanga, na pia limekuwa likikopesha watu wa shamba ili wajenge katika ardhi yao wenyewe. Tena, dhamana ni hati.

Njia ya tatu ni vyama vya akiba na mikopo. Mwaka 2018 iliundwa kampuni ya kuvipatia benki na vyama fedha za mikopo ya nyumba ya muda mrefu, iitwayo KMRC. Kampuni hiyo haimkopeshi mtu mmoja mmoja, bali mtu hupitia chama chake. Mkulima wa nazi, korosho au bixa aliye mwanachama mwaminifu, aliyeweka akiba kila mavuno, huwa na daftari la kuonyesha. Daftari hilo ndilo karatasi ya mshahara ya asiye na mshahara.

Hapa pana onyo. Hati inapowekwa rehani kwa ajili ya mkopo, na deni likashindikana, nyumba huuzwa. Kwa sababu hiyo sheria yataka mume asiiweke rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe, wala mke bila idhini ya mumewe. Mke asitie sahihi karatasi asiyosomewa akaielewa. Mkopo wa nyumba usichukuliwe kwa ajili ya arusi, wala kwa biashara ya rafiki.

Mpangaji naye hakusahauliwa. Iko sheria ya kodi inayolinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na baraza lake husikiliza malalamiko ya kupandishiwa kodi au kutolewa bila haki. Mwenye kupanga chumba Kombani au Kwale mjini na adai stakabadhi kila alipapo. Asiye na stakabadhi hana la kumwonyesha hakimu.

MISAADA YA UJENZI

Mwenye kiwanja chake lakini mfuko mwepesi asidhani kwamba lazima angoje mpaka apate fedha za nyumba nzima. Nyumba ya maskini hukua kama mnazi, kuti baada ya kuti.

Kuna matofali yashindiliwayo kwa mashine ya mkono, ambayo Wizara ya Nyumba imekuwa ikiyafundisha mahali mbalimbali nchini. Udongo wa pale pale kiwanjani, ukiwa na mchanga na unata kiasi, huchanganywa na saruji sehemu tano hadi kumi katika mia, ukashindiliwa. Matofali hayo hayachomwi, hivyo hapakatwi kuni. Hushikana yenyewe kwa meno yake, hivyo saruji ya kuunganishia hupungua sana. Lakini yataka subira: yafunikwe na kunyunyiziwa maji kwa siku saba kwa uchache, na ni bora zaidi yakikaa siku ishirini na nane. Mwenye haraka ambaye huyajenga siku ya tatu atayaona yakimomonyoka masika ya kwanza.

Nyumba ya fito na udongo nayo haistahili dharau. Ikiinuliwa juu ya msingi wa mawe, maji ya mvua hayalambi ukuta, na mchwa hupata kazi kuufikia mti. Paa likishushwa likatoka nje ya ukuta kwa futi tatu, ukuta huishi maradufu. Ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa ndimo waingiamo mbu wa malaria usiku, basi ufungwe kwa wavu. Dirisha liwe kubwa, moshi utoke. Choo kichimbwe mbali na kisima, kwa futi mia, hasa katika nchi ya mawe ya matumbawe kama Tiwi, ambako maji ya chini ya ardhi hupita upesi, na visima vyake hunywesha watu wengi hata nje ya Matuga. Miti ya kujengea isikatwe kayani. Kaya nyingi za Mijikenda zimelindwa na sheria tangu mwaka 1992, na kabla ya sheria zililindwa na wazee.

Kisha kuna mikono ya jirani. Mweria si jambo geni kwa Mijikenda: leo watu hukusanyika kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye kazi akatoa chakula. Siku hizi mweria wa fedha huitwa chama. Mathalan, watu kumi na wawili wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi, zamu ya kila mmoja huwa shilingi 12,000 mara moja kwa mwaka. Zikitolewa mkononi, aghalabu huyeyuka. Lakini vyama vingine vina desturi njema ya kutotoa fedha, bali kununua mabati au saruji na kuyafikisha mlangoni pa mwenye zamu. Bati likisha kupigwa misumari halikopwi na shemeji.

ASIYEUZA NDIYE MWENYE NYUMBA

Mtu apata hati baada ya miaka ya kungoja, na kabla wino haujakauka, mnunuzi aja na bahasha. Fedha zaonekana nyingi. Mwaka ukipita zimekwisha, na yule aliyekuwa skwota jana ni skwota tena leo, mahali pengine, safari hii bila mtu wa kumlalamikia.

Watu wa Tanzania-Bondeni huko Voi waliliona jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijiji chao cha maskwota kilipokuwa kinatengenezwa, walichagua njia isiyokuwa ya kawaida. Ardhi ilishikwa na wote pamoja chini ya wadhamini, na kila mtu akamiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Mtu aweza kurithisha nyumba yake, lakini hawezi kuuza ardhi kwa mgeni, maana si yake peke yake. Njia hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa yataka mikutano mingi na benki hazikuizoea. Lakini kwa ukoo wa Waa au Tsimba wenye hati moja na warithi arobaini, yafaa ifikiriwe kabla ya kugawanya shamba katika vipande visivyotosha hata jiko.

Basi mwenye kutaka nyumba, mwaka huu asianze kwa fundi. Aanze kwa kuuliza maswali manne. Hati ya mahali ninapolala iko wapi? Ina jina la nani? Je, mwenye jina hilo yu hai? Na kama ardhi si yangu, nakaa hapa kwa haki gani? Majibu yake hayapatikani kwa mtu wa kati anayejitembeza nje ya ofisi akidai chai. Yapatikana kwa Msajili wa Ardhi Kwale, kwa chifu, kwa Kadhi na kwa wazee wa ukoo wangali hai.

Haya ni mambo ya karatasi, na karatasi haizuii mvua. Lakini yule mwenye nyumba ya mawe pale kando ya barabara alianza nayo, naye jirani yake mwenye makuti meusi aweza kuanza nayo. Masika hurudi kila mwaka. Na yakirudi, yafaa yamkute akihesabu mabati yaliyopungua, wala si siku zilizobaki kabla ya kufukuzwa.